Mshale Ukisema, Sikiliza: Tujifunze Kusoma Dashibodi ya Lori



Zamani mizigo ya bara ilifika Bagamoyo kwa mabega ya watu. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi, akatembea kwa miguu miezi mingi. Leo lori moja la tani 10 hubeba mzigo wa wapagazi zaidi ya 300. Hubeba chumvi, mchanga, nazi na mananasi ya Kiwangwa.

Lakini mpagazi akichoka alisema. Akishikwa na kiu alisema. Lori halina mdomo. Lori husema kwa mishale na taa zilizo mbele ya dereva. Mahali hapo panaitwa dashibodi. Kila kipimo chenye mshale kinaitwa geji. Mtu asiyeweza kusoma dashibodi ni kama mtu aliyeletewa barua akaitia mfukoni bila kuifungua.

SAFARI YA CHUMVI

Mwaka mmoja nilipanda lori la chumvi kutoka Kaole kwenda Msata. Lori lilikuwa la ndugu watatu. Walichanga fedha miaka mingi wakalinunua. Mimi nilikaa katikati ya dereva na utingo.

Tulipopita Kiwangwa, taa nyekundu yenye picha ya betri iliwaka. Utingo akasema, "Mjomba, taa imewaka."

Dereva akajibu, "Hiyo ya betri tu. Tutaitazama Msata."

Baada ya muda mfupi utingo akasema tena, "Mjomba, na mshale wa joto umefika kwenye nyekundu."

Dereva akacheka. "Achana nao huo. Tangu mwaka jana unadanganya. Ukiufuata huo hutafika safari."

Kumbe siku ile mshale ulisema kweli. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Katika lori lile mkanda huo mmoja ulizungusha alteneta inayochaji betri, na pampu ya maji pia. Kwa hiyo taa iliwaka kwanza, kisha maji yakachemka. Tulisikia mlio, moshi mweupe ukatoka, lori likasimama. Silinda hedi ilikuwa imepasuka.

Usiku ule mvua ilinyesha. Turubai lilikuwa na matundu. Asubuhi magunia ya chini tu ndiyo yalikuwa na chumvi ya kuuzika. Wale ndugu watatu walikopa fedha za kutengeneza injini, na deni likakaa nyumbani kwao muda mrefu kuliko lori lilivyokaa gereji.

Dereva yule hakuwa mjinga. Aliendesha lori vizuri. Kosa lilikuwa kuacha geji mbovu mwaka mzima bila kuitengeneza. Geji inayodanganya mara kwa mara humzoesha dereva kutoijali. Siku inaposema kweli, hapana anayeiamini.

GEJI MUHIMU NA KAZI ZAKE

1. Geji ya joto la maji. Injini ikipata moto wa kawaida, mshale katika malori mengi hukaa kati ya digrii 80 na 95. Ukiingia kwenye nyekundu, simama mahali salama. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, maji yatakurukia usoni. Usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka, chuma kitapasuka. Ngoja ipoe. Jambo jingine: maji yakiisha kabisa, mshale unaweza kushuka, kwa sababu hakuna maji ya kupimwa. Ukiona umepanda kisha ukashuka ghafla, usifurahi. Simama utazame.

2. Geji ya presha ya oili. Oili ni kama damu. Pampu huisukuma ifike kila chuma kinachosuguana. Injini ikizunguka polepole mshale hushuka kidogo, hiyo ni kawaida. Ukianguka hadi sifuri, au taa ya oili ikiwaka, zima injini mara moja. Usiseme, "Nifike kituoni kwanza." Dakika chache zinatosha kuua injini.

3. Geji ya upepo. Malori makubwa hufunga breki kwa upepo. Geji nyingi huonyesha 7 hadi 8 upepo ukijaa. Zile za zamani huonyesha paundi 100 hadi 120. Ukipungua chini ya 5, yaani paundi 70 hivi, usiondoe lori. Likiwa njiani, simama mapema. Upepo ukiisha sana, katika malori mengi springi hufunga breki za nyuma zenyewe, na lori hukwama palepale.

4. Geji ya chaji. Lori kubwa kwa kawaida lina betri mbili za volti 12, jumla volti 24. Injini ikizunguka, geji huonyesha volti 28 hivi. Ikibaki 24 au ikashuka, betri hazipati chaji. Tazama mkanda kwanza.

5. Geji ya mafuta. Ndani ya tangi kuna boya linaloelea, kama boya la nyavu za wavuvi wetu. Mafuta yakishuka, boya hushuka, na mshale hushuka.

6. Spidomita. Hii huonyesha mwendo. Sheria ya Tanzania hairuhusu gari la mizigo la zaidi ya kilo 3,500 kupita kilomita 80 kwa saa. Katika sehemu za makazi zenye alama, mwisho ni 50. Spidomita ikifa, dereva hukisia, na kukisia hakukubaliki mbele ya askari wala mbele ya mtoto anayevuka barabara.

KABLA YA KUWASHA INJINI

Zungusha ufunguo hatua moja, usiwashe injini. Taa za hatari ziwake: ya oili na ya betri. Kisha washa injini. Taa hizo zizimike.

Taa isiyowaka kabisa si habari njema. Glopu imeungua, au waya umetoka, au mtu ameitoa makusudi ili auze gari. Unaponunua lori, fanya jaribio hili mbele ya muuzaji.

KWA NINI GEJI HUDANGANYA?

Geji ya umeme ina sehemu nne. Kwanza ni geji yenyewe. Pili ni waya. Tatu ni sensa. Hii si sensa ya kuhesabu watu. Ni kifaa kidogo kilichofungwa kwenye injini au tangi, kinachopima na kupeleka habari. Nne ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi na injini. Sehemu moja ikiharibika, mshale hudanganya.

Hapa pwani adui mkubwa ni chumvi. Upepo wa bahari una chumvi na unyevu. Huingia kwenye viungo vya waya, shaba ikaota ukungu wa kijani, chuma kikaota kutu. Lori linalobeba chumvi hupata taabu mara mbili.

JIULIZE MASWALI MATATU

Swali la kwanza: Imekufa geji moja, au zote? Zikifa zote kwa pamoja, tazama fyuzi na ethi ya dashibodi. Si rahisi geji tano kuharibika siku moja. Ikifa moja tu, fuata waya wake na sensa yake.

Swali la pili: Ukiwasha taa kubwa, mishale inacheza? Ikicheza, ethi ni mbovu. Fungua nati ya waya wa ethi, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, paka grisi.

Swali la tatu: Je, mshale unasema kweli? Uliza shahidi wa pili. Oili, vuta kijiti cha kupimia. Mafuta, ingiza fimbo safi kwenye tangi. Chaji, tazama mkanda. Katika safari yetu ya chumvi, taa na mshale vilikuwa mashahidi wawili. Shahidi mmoja anaweza kukosea. Wawili wakisema jambo moja, simama.

JARIBIO LA WAYA

Jaribio hili ni kwa geji za zamani za joto, mafuta na oili, zenye waya mmoja kwenye sensa.

Kwanza, zungusha ufunguo hatua moja, injini isizunguke.
Pili, chomoa waya kwenye sensa. Mwenzio atazame mshale.
Tatu, gusisha ncha ya waya kwenye chuma safi cha injini, kwa sekunde moja au mbili tu.

Mshale ukikimbia kutoka mwisho mmoja hadi mwisho wa pili, geji ni nzima na waya ni mzima. Sensa ndiyo mbovu. Badilisha sensa. Mshale usipotikisika, waya umekatika au geji imekufa. Kwa njia hii hutanunua geji mpya bure wakati ubovu uko kwenye sensa.

Kwa sensa ya mafuta, usiguse ncha karibu na mdomo wa tangi. Vuta waya hadi mbali.

Onyo: Malori mapya yana kompyuta. Sensa zake zina waya mbili au tatu. Usifanye jaribio hili, utaunguza kompyuta, na bei yake ni kubwa. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kupimia.

MATUNZO YA KILA SIKU

Fyuzi ikiungua, weka fyuzi ya namba ileile. Usiweke waya mnene wala karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi huungua ili kuokoa waya. Ukiizuia, utaunguza lori zima.

Kila jioni fungua vali chini ya tangi la upepo, maji yatoke. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na maji hayo huozesha breki na geji.

Unapoosha lori, usimwage maji kwenye dashibodi. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Vichwa vya betri visafishe kwa maji ya moto, kausha, paka grisi.

Mwenye lori naye ana wajibu. Dereva akikuletea habari ya geji mbovu, usimwambie, "Si lori linatembea?" Sensa moja ni bei ndogo mbele ya injini. Na utingo akisema ameona taa, dereva asimdharau kwa kuwa ni kijana.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Mvuvi wa Kaole akiona wingu jeusi baharini hageuzi uso pembeni, hushusha tanga. Dereva naye akiona mshale, na ashushe mwendo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taa ya betri na mshale wa joto vimeonyesha hatari kwa pamoja. Utatazama nini kwanza?
2. Geji zote zimekufa asubuhi moja. Utaanzia wapi?
3. Kwa nini ni hatari kuizoea geji mbovu?
4. Je, katika safari ile kosa lilikuwa la dereva peke yake? Wenye lori je?

MAELEZO YA MANENO

Alteneta: mashine inayotengeneza umeme injini ikizunguka.
Ethi: njia ya umeme kurudi kwenye betri.
Fyuzi: kifaa kinachokata umeme ukizidi.
Rejeta: sanduku la kupozea maji ya injini.
Sensa: kifaa kinachopima na kupeleka habari kwenye geji.