Kupanda Mboga Mwezi wa Kumi Chini ya Kivuli

Wandugu wa mugini, watu wengi wanasema: «Mwezi wa kumi jua ni kali, tungojee mvua.» Mvua inafika, wanashika kazi ya mihindi, bustani inasahauliwa. Halafu mwezi wa kwanza gala ni tupu, mihindi mipya haijakomaa, na watoto wanakula bukari kidogo bila mboga. Baba anapeleka franka zake sokoni Likasi au Kolwezi kununua shu, na udongo wake mwenyewe umelala bure.

Mimi pia nilikosa. Mwaka mumoja nilipanda salade juani. Nilimwagilia kila siku, lakini hakuna kilichoota. Nikasema: mbegu ni mbaya. Kumbe udongo ukiwa wa moto sana, mbegu ya salade haioti, inalala tu. Basi ufanye hivi.

Kwanza, chagua pahali karibu na maji mazuri. Maji ya mto unaotoka pale wanapoosha mawe ya shaba usiyatumie. Usikae chini ya muti mukubwa, kwa sababu mizizi yake inakunywa maji yote.

Pili, tengeneza tuta la upana wa metre 1, changanya samadi iliyooza vizuri. Simamisha miti mine, tandika fito na nyasi juu, kimo cha metre 1. Upande wa magharibi uinamishe nyasi chini kidogo, kwa maana jua la saa tisa ndilo linaunguza zaidi.

Tatu, funga mbegu za salade ndani ya kitambaa kibichi, uziweke usiku mumoja karibu na mutungi wa maji. Panda jioni kwa mistari, ukizifunika na udongo kidogo sana. Shu, tomati na lengalenga zipande vilevile, lakini hizo hazihitaji kitambaa.

Ine, mwagilia asubuhi na jioni, maji kidogo kidogo. Saa sita usimwagilie.

Tano, miche ikiwa na majani mawili au matatu, punguza nyasi za kivuli kila siku chache. Usiziondoe zote siku moja! Muche uliozoea kivuli utaungua kama mutoto mudogo aliyeachwa juani.

Kisha wiki ya ine au ya tano, mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, hamisha shu na tomati siku ya mawingu. Ziweke juu ya matuta marefu, maji ya mvua yasisimame kwenye mizizi.

Lengalenga utachuma baada ya wiki ine tu. Salade itafuata mwezi wa kumi na mbili, na shu mwezi wa kwanza, wakati ule wa njaa.

Nyasi ziko, miti iko. Anza na tuta moja, na jirani ataona mwenyewe.