Iceland, nchi iliyoogopa bia

Jumapili mjini Reykjavik unaingia dukani unanunua mkate, maziwa, samaki, hata sweta la sufu. Bia ya maana huipati. Ile ya maduka ya vyakula ina kilevi kisichozidi asilimia 2.25, na wenyeji wenyewe huicheka. Anayetaka yenye nguvu aende Vínbúðin, duka la serikali, ambalo hufungwa mapema jioni na Jumapili halifunguliwi kabisa. Vijijini kuna matawi yanayofungua saa chache tu kwa siku. Anayeuziwa awe ametimiza miaka 20, ingawa wa miaka 18 anapiga kura na kuoa. Ndiyo maana ndege ikitua Keflavík utawaona wenyeji hawana haraka na mizigo. Wanapita kwanza kwenye duka lisilotozwa ushuru, palepale kwenye ukumbi wa wanaowasili, kisha wanatoka na katoni kwapani. Mgeni anayewapita akidhani amewahi foleni atajuta akishaona bei za baa.

Haya yote ni mabaki ya sheria kali zaidi. Mwaka 1908, Iceland ikiwa bado chini ya Denmark, wapiga kura waliamua pombe ipigwe marufuku, na amri ikaanza kutumika 1915. Ukuta ulianza kubomoka kwa sababu ya samaki. Hispania, mnunuzi mkubwa wa chewa wa chumvi kutoka Iceland, ilisema wazi: msiponunua mvinyo wetu, nasi hatununui samaki wenu. Mwaka 1922 mvinyo ukaruhusiwa. Pombe kali ikafuata 1935. Bia ikabaki nje.

Msomaji ataona hapa mambo yamepinduka: vodka ruksa, bia haramu. Watetezi wa sheria walikuwa na hoja yao. Vodka, walisema, ni ghali na kila mtu anaiogopa. Bia ni rahisi na inaonekana haina madhara, kwa hiyo vijana wataanzia hapo, na wafanyakazi wataiteremsha mchana kama soda. Hoja hiyo ilidumu zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1980 wenye baa walipata ujanja: walichukua bia hafifu iliyoruhusiwa, wakamimina vodka ndani, wakaiuza kwa glasi kubwa. Kinywaji hicho kilikuwa kibaya mdomoni na kikali kichwani kuliko bia yoyote halisi, na serikali ikakipiga marufuku nacho mwaka 1985. Kwa maoni yangu hapo ndipo sheria ilipojifia yenyewe. Bia ilihalalishwa rasmi tarehe 1 Machi 1989, na kila mwaka tarehe hiyo baa za Reykjavik hujaa.

Serikali hii haikuishia kwenye chupa. Televisheni ya taifa ilianza 1966, na kwa miaka mingi Alhamisi hapakuwa na matangazo. Kituo kilikuwa kidogo, wafanyakazi wachache. Wapumzike, na watu watembeleane. Mwezi wa Julai nao skrini ilikuwa tupu, hadi 1983. Alhamisi zilirudi hewani 1987, baada ya kituo binafsi kuingia sokoni mwaka mmoja kabla.

Majina nayo yana kamati yake. Waiceland wengi hawana jina la ukoo. Mtu huitwa kwa jina lake na la mzazi, kwa kawaida baba. Vigdís Finnbogadóttir, mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa na wananchi kuwa rais, mwaka 1980, ni Vigdís binti Finnbogi tu. Mke habadili jina akiolewa, kaka na dada hutofautiana mwisho wa jina, na kitabu cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza. Hata rais humwiti kwa jina la baba yake. Baba ni mtu mwingine. Jina jipya ambalo halimo kwenye orodha rasmi hupelekwa kwenye kamati. Msichana mmoja, ambaye jina lake lilikataliwa kwa kuwa lilihesabiwa la kiume, aliandikwa kwenye nyaraka za serikali "Msichana" mpaka mahakama ilipompa haki Januari 2013, akiwa na miaka 15.

Sheria ninayoikubali bila ubishi ni ya bwawa la kuogelea. Karibu kila mji unalo, la wazi, lenye maji ya moto yatokayo ardhini, na watoto hufundishwa kuogelea shuleni kwa lazima tangu 1940. Klorini hutiwa kidogo, kwa hiyo kuoga kabla ya kuingia si hiari. Ukutani kuna picha ya mwili wa binadamu yenye madoa mekundu kichwani, kwapani, kinenani na miguuni: hapo sugua kwa sabuni. Anayetoka na kaptula kavu hurudishwa na msimamizi. Aliyezoea kutawadha ataelewa sababu upesi. Kitakachomshinda ni kuvua kila kitu mbele ya wazee asiowajua, ambao dakika tano baadaye atakaa nao majini hadi shingoni wakimuuliza habari za kwao, huku theluji ikiwaangukia vichwani.

Halafu kuna mbwa. Reykjavik iliwapiga marufuku 1924, kwa hofu ya minyoo ya tegu ambayo mbwa waliipata kwa kula matumbo ya kondoo na kuwaambukiza watu. Ugonjwa ulidhibitiwa, marufuku ikabaki. Mnamo miaka ya 1980 waziri wa fedha, Albert Guðmundsson, alibainika kuwa anafuga mbwa nyumbani kwake mjini, naye akasema heri ahame nchi kuliko kumtoa. Hakuhama. Sheria ililegezwa 1984, na tangu hapo mwenye mbwa alitakiwa kukata leseni na kulipa ada.