Kowalski: jina la mhunzi wa Poland linalobadilika kila linapovuka mpaka

Wakatoliki wa Bukavu, Goma au Butembo wanaosali Rozari ya Huruma ya Mungu saa tisa ya mchana wanalijua jina la mtawa aliyeieneza sala hiyo: Mtakatifu Faustina Kowalska. Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1905 katika kijiji cha Głogowiec, katikati ya Poland, mtoto wa tatu kati ya kumi. Alikufa Kraków mwaka 1938, na Papa Yohane Paulo wa Pili, Mpolandi mwenzake, akamtangaza mtakatifu tarehe 30 Aprili 2000.

Baba yake aliitwa Stanisław Kowalski. Baba ni Kowalski, binti ni Kowalska, na hakuna karani aliyekosea. Kwa Kipolandi, majina ya ukoo yanayoishia na -ski hufuata jinsia ya mtu: mwanaume huchukua i, mwanamke huchukua a, na familia nzima kwa pamoja huitwa Kowalscy. Herufi hiyo moja ya mwisho, ambayo nyumbani Poland hakuna anayeishangaa, imewasumbua Wapolandi katika ofisi za nchi nyingi kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mhunzi na kijiji chake

Neno kowal maana yake ni mhunzi, fundi anayefua chuma kwa moto na nyundo. Kipande -ski kinafanya kazi inayofanana na ile ya "wa" katika Kiswahili. Kwa hiyo Kowalski anaweza kuwa "wa mhunzi", au "wa Kowale", au "wa Kowalewo", maana Poland ina vijiji vingi vilivyopewa majina ya namna hiyo kwa sababu wahunzi waliishi pale.

Zamani, mwisho wa -ski ulikuwa alama ya watu wakubwa. Mtu mwenye cheo na mashamba alijiita kwa jina la kijiji alichokimiliki. Wakulima na mafundi walikuwa na jina la ubatizo na jina la utani tu. Baadaye -ski ikapendwa na kila mtu, na watoto wa wahunzi wa vijijini nao wakaanza kuandikwa Kowalski bila kumiliki hata kipande cha shamba. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, na kila mhunzi aliweza kuacha wajukuu wenye jina hilo. Ndiyo sababu Kowalski wawili wanaokutana Chicago au Lille kwa kawaida hawana undugu wowote. Kuna Kowalski Wakatoliki, kuna Kowalski Wayahudi, na kuna wenye asili ya mashariki kabisa, upande wa Ukraine na Belarus.

Baba wa Mtakatifu Faustina mwenyewe hakuwa mhunzi. Alikuwa mkulima na seremala.

Karibu kila taifa la Ulaya lina Kowalski wake. Waingereza wana Smith, Wajerumani wana Schmidt, Wafaransa na Wabelgiji wana Lefebvre na Lefèvre, Waitaliano wana Ferrari, Wahungaria wana Kovács, Warusi wana Kuznetsov. Hata Waarabu wana Haddad. Poland yenyewe ina pia Kowalczyk, yaani mtoto au mwanafunzi wa mhunzi, na jina hilo nalo ni mojawapo ya yale yanayopatikana kila mahali nchini.

Leo Kowalski na Kowalska ni jina la pili kwa wingi katika Poland, nyuma ya Nowak, ambalo maana yake ni mtu mpya, mgeni aliyehamia kijijini. Watu zaidi ya 100,000 wanaitwa hivyo. Limezoeleka sana hivi kwamba fomu za serikali na za benki hutumia "Jan Kowalski" kama mfano wa namna ya kujaza. Na mwandishi wa gazeti la Warsaw anapotaka kusema raia wa kawaida, huandika tu "Kowalski": bei ya mkate imepanda, Kowalski atafanya nini?

Hapo ndipo penye jambo la ajabu katika safari ya jina hili. Nyumbani linamaanisha mtu yeyote. Nje ya nchi likawa alama ya kumtambua mgeni.

Watu bila nchi kwenye ramani

Kuanzia mwaka 1795 hadi 1918 Poland haikuwepo kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria ziligawana ardhi yake vipande vitatu. Mpolandi aliyehama wakati huo alibeba karatasi za mfalme mwingine, na mara nyingi jina lake lilikuwa tayari limepitia lugha nyingine kabla hajapanda meli au treni. Katika sehemu ya Urusi, vitabu vya vizazi, ndoa na vifo viliandikwa kwa Kirusi tangu mwaka 1868. Kowalski akaandikwa kwa herufi za Kirusi, na karani wa Ulaya Magharibi aliporudisha herufi hizo kwenye alfabeti ya Kilatini, alitoa Kovalsky au Kowalsky, kufuatana na sikio lake.

Wengi hawakwenda mbali. Kuanzia miaka ya 1870, mamia ya maelfu ya watu kutoka mashariki ya Prussia walipanda treni kwenda bonde la Ruhr, magharibi ya Ujerumani, kuchimba makaa ya mawe. Miji ya Bochum, Gelsenkirchen, Herne na Bottrop ilijaa majina ya -ski. Kwa sheria walikuwa raia wa Prussia, lakini jirani zao waliwaona kama wageni. Bochum ikawa na gazeti la Kipolandi, Wiarus Polski, na tangu mwaka 1902 chama cha wafanyakazi wa Kipolandi. Serikali haikufurahia. Sheria ya mwaka 1908 ilibana matumizi ya lugha nyingine isiyo Kijerumani katika mikutano ya watu wote.

Kwa upande wa jina, Ujerumani ilikuwa na kanuni moja ngumu: jina la ukoo ni moja, halibadiliki kwa mwanamke wala kwa mwanaume. Binti wa mchimbaji Kowalski, aliyezaliwa Bochum, akaandikwa Kowalski kama baba yake. Kwa sikio la bibi yake aliyebaki kijijini, hilo lilikuwa kama kumwita msichana kwa jina la kiume. Kizazi kilichofuata kilizoea. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakaomba jina jipya la Kijerumani ili mtoto asichekwe shuleni na kazini wasimrudishe nyuma.

Mkongomani anaweza kuelewa haraka. Kongo, ndugu wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, na ni jambo la kawaida. Lakini anayefika Ulaya na paspoti yenye nom, postnom na prénom hukutana na karani anayeuliza kwa nini mtoto haitwi kama baba. Wapolandi waliulizwa swali la namna hiyo hiyo, kwa sababu ya herufi moja tu.

Kutoka Ruhr hadi migodi ya Ufaransa

Vita vya kwanza vya dunia viliiacha Ufaransa na migodi iliyoharibiwa na upungufu mkubwa wa wanaume. Septemba 1919 ilitia sahihi mapatano na Poland mpya ili kupata wafanyakazi. Treni zikaanza kushusha familia huko Lens, Béthune na Bruay, kaskazini ya nchi. Baadhi yao walitoka Ruhr moja kwa moja: wachimbaji wenye ujuzi, waliokuwa wamechoka na maisha ya Ujerumani. Mwaka 1931 Wapolandi waliokuwa Ufaransa walikaribia nusu milioni. Miaka michache baadaye kazi ikapungua, na kuanzia 1934 maelfu walirudishwa kwao kwa treni, mara nyingine baada ya kupewa muda mfupi tu wa kufunga mizigo.

Waliobaki walizaa Wafaransa. Maarufu kuliko wote kati ya watoto hao wa migodini alizaliwa Nœux-les-Mines mwaka 1931, na akaingia mgodini akiwa bado kijana kabla mpira haujamtoa huko. Jina lake la ukoo lilikuwa Kopaszewski. Dunia ya mpira inamjua kama Raymond Kopa, mshindi wa Ballon d'Or ya mwaka 1958, aliyechezea Reims na Real Madrid. Silabi nne zikabaki mbili.

Kukata jina hakukuanza naye. Baharia aliyepanda mto Kongo mwaka 1890 hadi maporomoko ya Stanley, kwenye Kisangani ya leo, aliitwa Konrad Korzeniowski. Aliposhindwa kuwafanya Waingereza watamke jina hilo, alitia kwenye vitabu vyake jina la Joseph Conrad.

Amerika: jina la mfanyakazi

Kundi kubwa zaidi lilivuka bahari. Kabla ya mwaka 1914, Wapolandi zaidi ya milioni mbili waliingia Marekani, wakajaza viwanda vya Chicago, Detroit, Buffalo, Milwaukee na Pittsburgh. Familia nyingi za huko husimulia kwamba jina lao lilibadilishwa na ofisa wa Ellis Island, kisiwa cha New York walipopokelewa wageni. Simulizi hiyo ni tamu, lakini haisimami. Maofisa wa pale hawakuandika majina upya. Walisoma orodha zilizoandikwa na makampuni ya meli katika bandari za Hamburg na Bremen, na mara nyingi walikuwa na wakalimani pembeni. Waliobadilisha jina ni wenyewe, baadaye, walipotafuta kazi au nyumba. Kowalski akawa Kowal, akawa Koval, akawa Smith, tafsiri kamili, mhunzi kwa mhunzi.

Waliolishika wakalibeba na uzito wake. Mwaka 1947 mwandishi wa tamthilia Tennessee Williams alimpa jina la Stanley Kowalski mhusika wake wa New Orleans: mwanaume mwenye nguvu, mkali, asiye na adabu za mezani. Tangu hapo sinema za Marekani zilipotaka mfanyakazi wa kiwandani mwenye asili ya Ulaya Mashariki, jina lilikuwa tayari. Mzee mstaafu wa kiwanda cha magari katika filamu Gran Torino ya mwaka 2008, iliyochezwa na Clint Eastwood, naye ni Kowalski. Hata pengwini wa katuni za Madagascar ambazo watoto wanazitazama kwenye televisheni ana jina hilo hilo.

Jina lililowaaibisha baadhi lilimfaa mwingine. Katika mieleka, Killer Kowalski alitisha watu kwa miaka mingi, kisha akafungua shule alipofundishwa Triple H. Alikuwa Mkanada wa Windsor, Ontario, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Spulnik. Kowalski lilikuwa jina lake la ulingoni. Na katika siasa, Frank Kowalski alichaguliwa kuwa mbunge wa Connecticut katika bunge la Washington, akatumikia kuanzia 1959 hadi 1963, bila kukata herufi hata moja.

Katika Brazili, walipofika Wapolandi wa kwanza kwenye jimbo la Paraná kuanzia miaka ya 1870, w mara nyingi iligeuka v: Kovalski. Wanawake wa huko kwa kawaida nao ni Kovalski.

Afrika pia ina majina ya -ski na -ska, lakini kwenye mawe ya makaburi. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Wapolandi karibu 20,000, wengi wao wanawake na watoto waliotolewa katika kambi za Urusi na kupitia Iran, waliwekwa katika makambi ya Afrika Mashariki na Kusini. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Nyingine ilikuwa Masindi, Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert ukitoka Ituri. Baada ya vita watu hao walitawanyika Uingereza, Kanada na Australia, na makaburi yakabaki.

Herufi inarudi

Katika Lithuania, jirani wa Poland, ugomvi ulikuwa juu ya herufi nyingine. Alfabeti ya Kilithuania haina w, kwa hiyo raia wa nchi hiyo wenye asili ya Poland waliandikwa kwa v kwenye paspoti, watake wasitake. Kesi ya majina hayo ilifika hadi mahakama ya Umoja wa Ulaya huko Luxembourg, ambayo mwaka 2011 haikuilazimisha Lithuania kubadili sheria. Iliachia mahakama za nchi kupima usumbufu wa kila familia. Ilibidi kusubiri hadi Mei 2022 ndipo sheria mpya ikaruhusu w.

Poland ilipoingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, wimbi jipya likaenda Uingereza, Ireland na Ujerumani. Hawa walikuja na paspoti yao wenyewe, na simu ya kumpigia mama kila jioni. Uingereza haikuwapa taabu kwa jambo hili, maana wazazi huko huchagua jina wanalotaka kumwandikisha mtoto. Ujerumani ilibaki na kanuni yake ya zamani. Mama Kowalska na baba Kowalski waliokuwa na mtoto wa kike walijikuta na binti ambaye karatasi za Ujerumani zilimwita Kowalski, na bibi kule Poland akimwita Kowalska.

Tarehe 1 Mei 2025 sheria mpya ya majina ilianza kutumika Ujerumani. Sasa mtu mwenye asili ya lugha inayotofautisha majina ya wanawake na wanaume anaweza kuomba jina lifuate jinsia yake. Msichana anayezaliwa leo Bochum, mjini walipoteremka wachimbaji wale wa kwanza, anaweza kuandikwa Kowalska.