Njeo, Hali na Ulimwengu wa Msomaji katika Hadithi Fupi: Mtazamo kutoka Muyinga

Msomaji wa Muyinga, eneo la Burundi linalopakana na Tanzania, mara nyingi huiendea hadithi fupi ya Kiswahili akiwa na mazoea ya Kirundi. Kirundi hutenganisha tendo lililopita leo na lile la jana au zamani. Kiambishi -li- cha Kiswahili hakitenganishi. Makala haya yanaeleza athari ya tofauti hiyo katika taswira anayojijengea msomaji.

Tuchukue sentensi tuliyoitunga: “Mama aliufunga mlango, akaketi, akalia.” Kiambishi -li- huliweka tukio nyuma, -ka- huyapanga matendo kwa mfuatano, na msomaji huwa msikilizaji wa habari iliyokwisha. Tukiandika, “Mama ameufunga mlango. Analia,” mlango ungali umefungwa, na msomaji yumo chumbani. Tukiandika, “Mama huufunga mlango, hulia,” kilio kinakuwa desturi. Swali si tena nini kimetokea, bali tangu lini.

Kwa aliyezoea Kirundi, -li- huacha pengo: mama alilia leo, au miaka mingi iliyopita? Katika hadithi ya mkimbizi anayerejea kutoka Tanzania, pengo hilo ni zito, kwani ndilo linaloamua kama jeraha ni bichi au limekwisha kuwa kovu. Mwandishi hulijaza kwa vielezi kama “asubuhi hii” au “mwaka ule”.

Hivyo, mwalimu asiishie kuwadai wanafunzi majina ya njeo. Awaulize pia: unaposoma, umesimama wapi, na jeraha hili ni la lini?