Neno Dogo Lenye Nguvu



Katika shule zetu za Uvira mtoto hufundishwa kwa Kifaransa, na Kiingereza hukisoma kama somo katika sekondari. Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2022, lugha hiyo imezidi kuwa na faida kwetu, kwa maana ni miongoni mwa lugha za kazi za Jumuiya. Basi leo twapenda kuwasaidia wanafunzi juu ya jambo moja linalowasumbua: vile vitenzi vinavyofuatwa na maneno madogo kama «up», «down», «to» na «for».

Mwanafunzi akutana na «live up to». Afungua kamusi: «live» ni kuishi, «up» ni juu, «to» ni kwa. Aunganisha, apata «kuishi juu kwa», wala haelewi kitu. Kosa lake ni moja: amelikata neno zima vipande vitatu.

Hata Kiswahili chetu kina jambo la namna hiyo, ila sisi twalitia ndani ya kitenzi chenyewe. Mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, watu walikimbia maji, wakakimbilia mahali pa salama. Imeongezeka silabi moja tu, nao mwendo umegeuka: kukimbia mto ni kuuepa, kukimbilia mto ni kuuendea.

Sasa tumtazame Mtume Petro, ambaye maisha yake yatufundisha vitenzi vitano.

Usiku ule alipomkana Bwana mara tatu, alivunja tumaini la Yule aliyemwamini. Hiyo ndiyo «to let down». Mtu aliyevunjwa moyo aweza kutajwa katikati: «he let his Master down».

Jogoo alipowika, Petro hakutafuta udhuru. Alitoka nje akalia kwa uchungu. Hiyo ni «to face up to». Kumbukeni kwamba «face» peke yake ni kukabili jambo tu. Bali mwenye «face up to» ameacha kulikwepa, ameukubali ukweli mchungu.

Baada ya Pentekoste, wakubwa wa Baraza walimkataza kuhubiri, naye hakuwaogopa: «he stood up to them». Tena, katika mkutano wa Yerusalemu, aliwatetea waamini wasio Wayahudi: «he stood up for them». Angalieni sana! Mwanafunzi akiandika kwamba Mkristo mwema «stands up to the poor», amesema kwamba anawapinga maskini, hali alitaka kusema anawatetea.

Mwisho, Bwana alikuwa amempa jina la Mwamba. Usiku wa kukana, jina hilo lilimpwaya kama kanzu ya mtu mzima juu ya mtoto. Lakini alipokufa shahidi huko Roma, alilistahili kabisa: «he lived up to his name». Maana yake ni kufikia kimo cha jina, au cha matumaini uliyowekewa. Kifaransa nacho hupima hivyo kwa urefu, kisemapo «être à la hauteur». Na hapa maneno matatu hayatenganishwi.

Basi, mwanafunzi, usiandike kitenzi peke yake katika daftari. Kiandike pamoja na neno lake dogo, ndani ya sentensi nzima, ukijifunze kama neno moja.

Nasi sote, tuliopewa majina ya watakatifu siku ya Ubatizo, tujiulize kama twayastahili. Mama auzaye ndagala sokoni ili alipe minervali ya mwanawe ameweka tumaini kwake. Pengine mtoto huyo amekwisha kulivunja, kwa uvivu au kwa uwongo. Asikate tamaa. Petro naye alianza na «let down». Kilichomwokoa ni kwamba hakuruka hatua ya pili: aliutazama ukweli usoni, akatubu, ndipo akaweza kulifikia jina lake.