Kuku Wafunguliwe kwa Saa Maalumu

Aghalabu ugomvi wa majirani mijini huanzia kwenye tuta la mchicha: kuku wa huyu wamefukua bustani ya yule. Wako wasemao dawa ni kuwafungia kutwa. Hatuafikiani nao. Kuku wanaosongamana bandani hudonoana manyoya, na mwenyewe hulipia kila punje wanayokula. Wanaotembea hujitafutia mchwa, panzi na majani mabichi.

Lakini kuwaachia tangu alfajiri nako ni hasara. Kuku wengi hutaga kabla ya adhuhuri. Wakiwa nje, mayai hubaki vichakani yakaliwa na kenge. Basi na wabaki bandani hadi saa kumi alasiri, ndipo wafunguliwe, pawepo mtu wa kumfukuza mwewe na kuilinda bustani ya jirani. Magharibi ikiingia watarudi wenyewe.

Kadhalika, hapana budi wapewe chanjo ya mdondo, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Kwani kuku mmoja mgonjwa anayezurura huupeleka msiba katika kila ua. Uhuru wa kuku wako usiwe hasara ya jirani yako.