Windows XP kwenye Diski Mpya: Hasara Inayoanzia Sekta ya 63

Kawangware nimeona mashine ya kutarizi nembo za sare za shule inayoendeshwa na kompyuta ya Windows XP. Programu ya michoro ilikuja na mashine na haikubali mfumo mwingine. Diski yake ilipokufa, mwenye duka alipanda matatu hadi mjini, akanunua diski mpya Luthuli Avenue, akamwomba fundi ampigie XP ileile. Ilikataa, naye akaamini ameuziwa diski mbovu.

Diski ilikuwa nzima. XP ilitoka mwaka 2001, kabla ya diski za SATA kuenea, na haina draiva ya AHCI, utaratibu ambao kompyuta za baadaye hutumia kuwasiliana na diski. Ndiyo maana skrini hugeuka buluu na kuandika 0x0000007B. Fundi akiingia kwenye BIOS na kubadilisha AHCI iwe IDE, kazi huendelea. Pasipo na chaguo hilo, itabidi draiva itiwe ndani ya CD ya XP kabla ya kusakinisha.

Ukubwa nao una mipaka. CD ya toleo la kwanza, isiyo na Service Pack 1, huishia GB 137. Na hata XP iliyosasishwa isinunuliwe diski inayozidi TB 2.

Lakini kosa linaloniuma zaidi ni lile lisilotoa onyo lolote. Diski za zamani zilihesabu kwa sekta za baiti 512. Kufikia 2011 watengenezaji walikuwa wamekubaliana kuhamia sekta za baiti 4096, yaani nane za zamani kwa pamoja, ingawa kwa nje diski nyingi bado hujitambulisha kwa hesabu ya zamani. XP huanzisha patisheni ya kwanza kwenye sekta ya 63, na 63 haigawanyiki kwa 8. Imepungukiwa na moja tu.

Mfikirie muuza mayai ambaye kila mteja wake huagiza mayai 30, trei kamili, ila hesabu yake ilianzia yai la mwisho la trei ya kwanza. Kila oda atachukua yai moja huku na 29 kule, trei mbili kwa mteja mmoja. Diski nayo, kwa kila fungu dogo inaloandika, husoma sekta mbili, huzirekebisha, kisha husubiri sahani izunguke tena ndipo iandike. Kwa diski ya mizunguko 7200 kwa dakika, kila mzunguko ni milisekunde 8 hivi. Rudia mara elfu kadhaa, uone kompyuta inavyojikokota.

Dawa ni kutengeneza patisheni mapema kwa DVD ya Windows 7 au kwa GParted ya Linux, ianzie sekta ya 2048, kisha kusakinisha XP humo bila kuifuta. Kwenye SSD ni lazima zaidi, maana mpangilio mbaya huongeza uandishi na kuichakaza.

Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo kompyuta hiyo isiunganishwe kwenye intaneti. Nembo zipelekwe kwa flashi moja isiyotumika penginepo, na siku XP inapokubali, fundi atoe nakala ya diski nzima, mwenye duka aiweke kabatini.